Bahari Niliyoigawa kwa Kunyamaza

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua tangu baridi ianze kimepoa. Mumeo hajambo? Na mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Huku sisi tu wazima. Bibi goti linamsumbua, lakini ulimi wake haujambo.

Ahsante kwa vitabu ulivyonitumia kutoka huko ubalozini kwenu. Kile cha itifaki nimekirudia. Najua nani anatangulia kuingia mlangoni na nani anakaa wapi mezani. Ninayoyajua ni mengi, Shangazi, na ndiyo maana nakuandikia kwa uchungu.

Ijumaa klabu yetu ya diplomasia ilifanya mkutano wake mkubwa, ndani ya maabara, kwa kuwa ukumbini kulikuwa na mtihani. Mimi niliwakilisha nchi ndogo ya visiwa. Tunafuata utaratibu wa mikutano ya kweli: azimio likishasomwa, mwenyekiti huuliza kama kuna pingamizi, kisha husubiri kidogo. Asiyesema kitu, nchi yake imekubali.

Azimio lile lilikuwa na sentensi moja iliyoziruhusu nchi kubwa kuvua samaki katika bahari yetu bila kutuuliza. Niliiona mapema. Jibu nilikuwa nalo, limekamilika, tena kwa sauti nzuri kabisa, kichwani. Mwenyekiti akauliza. Nikalitazama bomba la sinki lililokuwa mbele yangu mpaka akagonga rula mezani, azimio likapita.

Mvulana aliyewakilisha nchi kubwa, yule tunayemwita Wakili, alinifuata mlangoni. "Dada, mimi nilijiandaa kukubembeleza mpaka jioni. Kumbe bahari yenyewe mnagawa bure." Wenzake wakacheka. Nami nikacheka nao, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwalimu mlezi wa klabu hakunigombeza. Aliniuliza tu kama sentensi ile ilinipita. Nikasema ilinipita. Afadhali anione mzembe kuliko anione mwoga.

Ingekuwa ni klabu tu, ningejikaza. Lakini jana Baba Mkubwa alikuja kuzungumza na Baba kuhusu masomo nitakayochukua mwakani. Unajua nilichotaka: historia na lugha, njia uliyonielekeza wewe mwenyewe, ili siku moja niombe kazi wizara ya mambo ya nje. Baba Mkubwa akasema uhasibu. "Hata vita vikija, watu watahesabu." Baba akanigeukia, tena kwa upole.

"Mwanangu, una neno?"

Nikainamia zulia. Mama alisimama na birika mkononi, hammiminii mtu, ananingoja mimi. Nilimwona, Shangazi.

"Basi ameridhika," akasema Baba Mkubwa, na Baba akatia sahihi fomu ya masomo. Kesho fomu inarudi shuleni. Mwalimu anasema inaweza kubadilishwa kabla hatujafunga shule, mradi mzazi akubali. Kwa hiyo mlango haujafungwa. Mimi ndiye nisiyeweza kuusukuma, na sasa naanza kuamini kwamba kazi ile haikuumbiwa watu kama mimi.

Najua ukimaliza kusoma utataka kumpigia Baba simu, na atakusikiliza, maana hajawahi kukukatalia. Nakuomba usimpigie. Ukinisemea, nyumba hii itakuwa na balozi mmoja tu, naye ni wewe.

Wasalimie mapacha na mumeo. Bibi anasema Mungu akufunike katika nchi ya watu, na uvae soksi.

Nikiandika haya, Baba yuko uani peke yake, anatengeneza baiskeli. Nimeshatoka mara mbili. Ya kwanza nilimpelekea maji. Ya pili nilifuata glasi.

Akupendaye hata asiposema,
Binti wa kaka yako.