Sungura Anayesema "Nimerudi"

Himi, Novemba 12

Kwa mdogo wangu Misuzu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tokyo na koo lako halijashikwa na baridi. Sisi huku tunapumua, kwa rehema za Buddha Amida. Ile radi ya kuleta samaki wa baridi imeanza kunguruma baharini. Wavuvi wanashangilia, magoti yangu yanalia.

Nakuandikia habari za Mama. Tangu apooze, mkono wa kulia umelala tu kama glavu ya mtu mwingine. Ulimi umerudi, ila akili inakuja na kuondoka. Nikirudi kutoka kwenye banda la dagaa namkuta amekaa pale mlangoni kwenye ngazi ya kuvulia viatu, amejifunga koti hadi shingoni. "Misuzu anakuja na treni ya saa ngapi?" Nasema theluji imechelewesha treni, hata kama nje kuna jua.

Tena kuna jambo sijawahi kukuambia. Miaka yote hii anakutengea chakula cha aliye mbali, kama walivyofanyiwa wanaume waliokwenda vitani. Bakuli lako dogo la wali, supu, kachumbari, mbele ya mto wako wa kukalia, ili usishikwe na njaa ugenini. Sikukuambia kwa sababu mlikuwa mmegombana, nikahofia utaona tunakutega. Yale aliyokutupia siku ile ulipoanza kuigiza sauti za katuni, kwamba kulia kama wanyama mbele ya kipaza sauti si kazi ya mtu mzima, ameyasahau kabisa. Wewe ndiye unayeyakumbuka.

Njoo Mwaka Mpya. Njoo angali anakujua. Sina ombi lingine, kwako wala hekaluni.

Dada yako,
Shigeko


Tokyo, Novemba 30

Shikamoo dada yangu,

Barua nimeipata pamoja na dagaa. Majirani wamenuna kwa harufu, mimi nimekula mpaka nikaona haya. Mimi ni mzima, na koo linafanya kazi. Pole na magoti.

Mwaka Mpya sitaweza, tunarekodi. Usinune, nakuona ukinuna. Kwenye kifurushi hiki kuna kimashine cha mchezo cha kushika mkononi, si kikubwa kuliko sanduku la chakula la mtoto wa chekechea. Sungura wawili wanatwanga mochi, keki za wali za Mwaka Mpya. Mmoja ana mchi, mwenzake anageuza wali kinuni. Muziki unapiga, nawe unabonyeza kitufe mchi unapotua. Ukikosea mdundo, yule wa kugeuza anatwangwa vidole. Wanasema ni mazoezi mazuri ya mkono.

Sungura wa mchi ni mimi. Ndiyo, mnyama tena! Mwambie Mama. Akicheka sawa, akikasirika sawa.

Nitakuja maua ya cheri yakichanua.

Mdogo wako,
Misuzu


Himi, Januari 17

Kwa Misuzu wetu,

Heri ya mwaka mpya, iliyochelewa. Hujambo? Sisi hatujambo, na safari hii sisemi kwa adabu tu.

Mdogo wangu, kile kimashine! Nilikifungua kwa dharau, nikijua ni takataka za vijana. Sasa hata mimi nakigombea. Nikueleze mchezo unavyokwenda, maana wewe uliingiza sauti tu, huenda hujawahi kuucheza. Kwanza unatii. Kitufe ukikigusa mchi unatua papo hapo, hauchelewi kama lifti ya hospitali. Pili, usitazame kioo. Macho yanadanganya, yanakufanya uharakishe. Sikio ndilo linalojua. Mama aligundua kabla yangu, anafumba macho na kutwanga. Nyimbo za mwanzo ni za upole. Ukikosa, sungura anasema "Tena!" bila kukusimanga, na mdundo unapungua kidogo kukusubiri. Lakini ule wimbo wa tufani ya theluji ni uonevu. Unapiga pale usipotegemea, kama mtu anayekukatiza maneno. Mama anautukana: "Sungura mwendawazimu wewe!" halafu anaurudia.

Na mkono! Alianza na wa kushoto. Wiki hii kidole gumba cha kulia kimebonyeza chenyewe. Nikalia jikoni, nikasali Namu Amida Butsu mbele ya sufuria.

Sasa sikiliza. Ukikiwasha, sungura wako anaruka na kusema, "Nimerudi!" Mara ya kwanza Mama alinyanyua kichwa kama mtu aliyeguswa bega. "Ni Misuzu," akasema. Nikamwambia ndiyo, ni sauti ya Misuzu. "Karibu nyumbani, mwanangu," akakijibu. Tangu hapo, asubuhi kikisema "Nimerudi!" yeye hujibu "Karibu nyumbani," na uso wake unang'aa, ungeuona. Hakai tena kwenye ngazi ya baridi. Haulizi treni.

Nikuambie ukweli, maana nisipokuambia wewe nitamwambia nani? Naona wivu kidogo. Mimi ndiye ninayemwogesha, na akibonyeza sawasawa wewe ndiye unayemwambia "Safi sana!" Usinicheke. Nimeshaupeleka hekaluni.

Dada yako,
Shigeko


Tokyo, Februari 9

Shikamoo dada,

Nimeisoma barua yako kwenye treni nikacheka peke yangu, watu wakanihama. U mzima? Magoti je?

Umenitua mzigo. Nilikuwa silali vizuri kwa kuwaza ile ngazi. Basi kumbe niko hapo kila siku! Afadhali ya sungura, maana Misuzu wa nyama na mifupa angefika, wakagombana kabla ya chai. Kwa kuwa ametulia, safari ya maua naona tuiache kwanza. Kuna kazi nyingine nimepata. Wimbo wa theluji mwambie apige kidogo nyuma ya ngoma. Nimemuuliza aliyeutunga.

Mdogo wako,
Misuzu


Himi, Machi 21

Misuzu,

Hujambo? Sisi tupo. Leo, siku ya kuzuru makaburi, nimetoka kuosha kaburi la Baba, sikukuona, nikaja kukaa niandike kabla hasira haijapoa.

Kosa ni langu. Nilikuandikia kwa furaha, wewe ukaisoma kama ruhusa. Sikusema usije!

Juzi nilikuwa napakua chakula cha jioni. Nikachukua bakuli lako dogo kama kawaida. Mama akanishika mkono. "Hilo la nini?" "La Misuzu, Mama." Akanitazama kama mtu aliyechoka na mtoto mzito wa kuelewa. "Chakula cha aliye mbali humtengea mtu aliye mbali. Misuzu si amesharudi? Unataka kumwitia mabaya?" Akalirudisha kabatini mwenyewe, kwa ule mkono wa kulia uliopona.

Umeelewa? Haulizi tena kwa sababu hakusubiri tena. Kwake yeye umekuja, mmepatana, yamekwisha. Kila asubuhi anamsamehe sungura. Yale ya kwako wewe yapo palepale, hayajasemwa na mtu. Ukizidi kuchelewa utafika kwenye nyumba ambayo nafasi yako ina mtu.

Njoo. Sasa nakuomba kwa sababu yako, si yake.

Dada yako,
Shigeko


Tokyo, Mei 8

Dada,

Shikamoo. Samahani, siku ile nilipokuja niliondoka bila kukuaga. Ulikuwa umekwenda bandarini kuninunulia samaki mzuri, najua, na najua ulimla peke yako. Nakuandikia yaliyotokea, maana aliyekuwepo mwingine hatakusimulia.

Nilivua viatu nikapiga magoti mbele yake. Alikuwa akitwanga. Nikasema, "Mama, ni mimi." Akanyanyua kidole. "Nyamaza kidogo, binti. Misuzu anacheza."

Nikasubiri wimbo uishe. Nikasema, "Mama, Misuzu ni mimi." Akanitazama vizuri, kwa adabu kabisa, akasema, "Kama umekuja kwa ajili ya bima, mwenye nyumba katoka. Yeye ndiye anayejua mambo ya mihuri." Nikamwonyesha kovu la birika la chai, hapa kwenye kiwiko. "Maskini, hata Misuzu wangu analo kama hilo." Nikasema, "Sikiliza sauti yangu basi!" Akacheka. "Sauti yako nzito, mama. Unavuta sigara?"

Dada, nikafanya jambo ambalo nitalionea haya mpaka nife. Nikabana koo, nikasema kwa sauti ya sungura, "Nimerudi!"

Uso wake ukang'aa kama ulivyoandika. Akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu." Lakini hakunitazama mimi. Aliinama akakigeuza kile kimashine, akakitikisa kidogo, akaniambia, "Umemsikia? Leo ameita bila hata kuwashwa."

Nikachukua mkoba.

Mnyang'anye. Mwambie kimeharibika, kitupe baharini, sijui. Kisipokuwepo atanikosa. Akinikosa, nitakuja.

Misuzu


Himi, Juni 14

Kwa mdogo wangu,

Hujambo? Mvua za Juni zimeanza, dagaa hawakauki, na mimi sina amani.

Nimefanya ulivyotaka. Nilimwambia kimepelekwa kutengenezwa. Siku mbili tatu alitafuta chini ya matandiko. Alilia kama mtu aliyefiwa, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. "Nani alimfukuza? Ni mimi tena? Nilimwambia nini safari hii?" Nikamwambia hukumwambia kitu, Mama. "Lazima nilimwambia kitu. Mdomo wangu huu." Akajipiga mdomoni, nikamshika mkono.

Sasa amerudi kwenye ngazi. Anauliza treni. Jana alinituma niende kituoni na mwavuli wako wa shule, nikaenda, kwa sababu nisingekwenda angejua. Nilisimama pale mpaka treni ya jioni ikashusha wanafunzi na mzee mmoja mvuvi. Kidole kimeanza kukakamaa tena.

Umetaka akukose. Amekukosa, Misuzu. Hajawahi kukukosa hivi. Ukiingia leo kwa sauti yako nzito hiyohiyo, atakutazama wewe, kwa kuwa hakuna kingine cha kutazama. Panda treni ukishasoma hapa, usimalize hata salamu za mwisho.

Dada yako,
Shigeko


Himi, Oktoba 3

Kwa Misuzu,

Salamu. Natumaini u mzima, kwani sijasikia vinginevyo. Barua ya Juni hukuijibu, wala ile ya sikukuu ya wafu. Simu inaita tu. Mwanzoni nilidhani unaumwa. Halafu mke wa kuhani wa hekalu akaniambia amekusikia kwenye tangazo la juisi ya machungwa, una furaha tele.

Nilimrudishia kimashine mwezi wa nane. Hakuwa anakula. Nilikiwasha mwenyewe nikakiweka mapajani mwake, kikasema neno lake, naye akakijibu, kisha akaomba uji. Ndivyo ilivyokwisha. Sikulaumu kwa sauti. Hekaluni wanatufundisha kwamba Amida huwatanguliza hasa wale wanaoshindwa kuja wenyewe, na mimi nakuombea humo.

Lakini nina jambo la wiki iliyopita, nimelizungusha moyoni, halitoki.

Nilikuwa namkata kucha. Amepumzika kati ya nyimbo, yu mwema siku hiyo, mchangamfu. Akanitazama mikono. "Unakata vizuri. Umetumwa na ofisi ya mji?"

"Mama, ni Shigeko."

"Acha masihara yako. Shigeko yuko Tokyo."

Nikasema, "Yuko Tokyo anafanya nini?"

"Nani ajuaye. Yule binti ana moyo mgumu. Tangu niugue hajanikanyagia hapa hata mara moja. Haandiki, hapigi simu." Akanipapasa mkono wangu, huu unaonuka dagaa, kama anayenibembeleza mimi kwa ubaya wa mtu mwingine. "Usimhukumu lakini. Alikuwa mtoto mzuri. Bahati yangu ninaye Misuzu, hajaniacha hata siku moja."

Nikamaliza vidole vilivyobaki. Nikamwambia huenda Shigeko atakuja. "Hatakuja," akasema, akakiwasha.

Sikuandikii uje kumwona Mama. Hilo limeisha, na hana upungufu. Mwenye upungufu ni mimi. Baba yuko kaburini, mume wangu yuko kaburini, na kwenye nyumba hii nilikozaliwa naitwa mama wa ofisi ya mji. Duniani amebaki mtu mmoja anayejua kwamba mimi ni Shigeko, naye hapokei simu.

Dada yako,
Shigeko