Mwisho wa Kipindi cha Gereza

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu na za mama, na utuambie kama ule mguu uliovimba umeshanywea. Sisi hatujambo. Goti la mama linamsumbua asubuhi, likishapata joto anatembea na kugomba kama kawaida yake.

Barua yako imefika. Unasema wamezima tena televisheni ya bwalo la gereza lenu kabla kipindi hakijaisha, mkabaki mnazozana, na sasa unadai mwisho wako kama ulivyozoea. Haya, nitakupa. Ila hiki cha gereza la angani kimenisumbua kuliko vyote nilivyowahi kukumalizia.

Mliachia pale mzee wa seli ya pili anapowaambia askari kwamba rafiki yake kijana amepata ufunguo wa mlango wa nje. Bwalo zima lilimlaani, unasema, na wewe ulilaani kuliko wote. Hata huku hawakuelewana. Msusi wa jirani alisema mchongezi ni mchongezi, hata akikuchongea kwa machozi. Mama akauliza, rafiki anayekuacha ufe ili usimchukie, huyo naye ni rafiki wa namna gani.

Mwisho ni huu. Nje ya mlango ule hapakuwa na hewa. Mzee alijua, na alishamwambia kijana mara nyingi, kijana akamcheka. Askari walimnyang'anya ufunguo, wakamwongezea kifungo. Basi kila jioni mzee anagonga ukuta, kama walivyozoea kugongeana, na upande wa pili kimya. Kipindi kinaishia hapo, kwenye ule ukuta.

Sasa kaka, nakuomba usiichane barua hii. Tangu nipangiwe zamu ya jioni kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, sijaona mwisho wa kipindi hata kimoja. Anayeniangalizia ni Spana, fundi mwenzako wa gereji, yule uliyeapa jina lake tusilitaje. Hutazama nyumbani pamoja na mama, kisha hunisubiri nitoke kazini anisimulie, ili nikuandikie. Nilikuficha kwa kuogopa kwamba ukijua, utazikataa na barua zangu.

Ndiyo, ni yeye aliyekwenda polisi. Ulishaiba mara moja na lile kundi, akakusihi usirudi tena, ukamwita mwoga. Wenzako waliokwenda kuiba bila wewe, usiku ule ulipokamatwa, waliuawa wote, na mama amehudhuria mazishi ya kila mmoja wao. Nilimchukia sana Spana, Mungu anisamehe. Siku hizi simchukii, na niseme ukweli, hasira yangu imehamia kwako.

Jumapili ya kutembelewa nitakuja naye. Atakaa nje ya lango, hataki kukulazimisha. Ukitaka aingie, mwambie askari amwite. Ukikataa, sitakulaumu mbele ya watu, lakini itabidi utafute mwingine wa kukuangalizia miisho, maana mimi nitakuwa nafua mashuka.

Nilimuuliza Spana kama anadhani yule kijana wa kwenye kipindi aliwahi kugonga ukuta akamjibu mzee. Akasema hajui. Akasema angekuwa yeye ndiye mzee, asingeacha kugonga.

Mama anasema ule vizuri na mguu usiulalie. Tunakupenda, na kitanda chako bado hakijalaliwa na mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku