Moyo Uliopimwa kwa Jina Langu

Upplands Väsby, Stockholm

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo, tena shikamoo ya kuinama, si ile ya simu. Presha yako inasemaje? Goti je? Na shemeji bado anabishana na redio mpaka anaizima kwa hasira? Mimi mwilini ni mzima. Huko mbele utaona kwa nini uzima huu umekuwa mzigo.

Ulinilalamikia kwamba siku hizi nikipiga simu nacheka nusu nusu. Ni kweli. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mdomo wangu unakimbia mbele yangu, nikitaka kulia natoa utani. Kalamu ni nzito, hainipi nafasi hiyo.

Unajua nimetembea. Dubai nimekaa, Athene nimeosha vyombo mpaka wenyeji wakaniomba niwafundishe, na Kiswidi changu hiki cha mtu aliyeishia darasa la sita, Waswidi wenyewe wananiuliza nilisomea wapi. Kule Jordbro, kwenye lile ghala nililofanya kazi miaka minne, hakuna aliyenishinda kupanga mizigo. Basi wakanisikia watu wa ghala la huku karibu na uwanja wa ndege, wakaniita kwa kazi nzuri zaidi. Nikaaga.

Sasa sikiliza. Huku tajiri humwekea mfanyakazi akaunti ya afya. Si fedha ya kushika mkononi, ni ya kuogelea, ya kukandwa mgongo, ya kupimwa mwili. Na ukiacha kazi inazimika siku hiyo hiyo unayorudisha funguo. Nilikuwa nimeshakandwa mara tatu na mama mmoja wa Kifini mwenye vidole kama mchi. Kilichobaki ni kipimo cha mwili mzima, pamoja na mashine ya moyo. Mimi wa kupimwa nini? Fahali kama mimi!

Nilikuwa na rafiki pale, Désiré, Mrundi, mkimbizi wa zamani, mtu wa kanisa na mpole kupita kiasi. Yeye aliletwa na wakala wa vibarua, akaunti hakuwa nayo. Akipanda ngazi anashika kifua.

"Kaka Rashidi, weye unacheka, lakini humu ndani kunagonga."

"Kinachogonga ni mkeo, anataka umfungulie."

"Sifanyi mchezo, kaka."

Kituo cha afya cha mtaani walimpa miadi ya mbali, na akikosa zamu wakala anamsahau. Nikamwambia, chukua kipimo changu. Chakula cha tajiri hakirudishwi sahanini. Nikampa kitambulisho changu. Mimi nina kipara, yeye ana kipara, na kwa Waswidi kipara cheusi ni kipara cheusi.

Dada, usinishangae sana. Si wewe uliyempeleka mtoto wa jirani zahanati kwa kadi ya bima ya mwanao Tatu, akapona, na mtaa mzima ukakusifu? Nilikua nikijua kwamba kadi ni kama ndoo, jirani anaazima.

Désiré akatoka pale kliniki anacheka. "Nimekuwa Mtanzania kwa nusu saa. Hata njaa imeongezeka."

Siku tatu baadaye nikaondoka ghalani, na niliondoka kwa mbwembwe. Nilipanda juu ya mbao za mizigo nikahutubia. Nikamwambia msimamizi, mbele ya watu wote, kwamba amezeeka kwa kuhesabu maboksi na siku akinihitaji aje kunitafuta mimi. Watu wakapiga makofi. Nikarudisha funguo, nikarudisha na simu ya kazini. Akaunti ikazimika.

Majibu yalikuwa humo ndani. Na namba ambayo kliniki ilikuwa nayo ni ya ile simu.

Désiré alinipigia kila baada ya siku mbili. "Kaka, majibu yametoka?" Kuyapata ilikuwa ni kumpigia yule msimamizi tu na kusema, tafadhali, nifungulie dakika moja. Sentensi moja, Dada. Nikafikiria vile atakavyocheka. Nikamjibu Désiré, "Hawa watu wakiona ugonjwa wanakupigia kabla hujavaa viatu. Wakinyamaza, we mzima." Akashukuru. Akamwambia mkewe kwamba amepimwa na ni mzima.

Wiki ya tatu alianguka asubuhi katikati ya mizigo. Hakuamka.

Nilibeba jeneza nikiwa mbele kulia. Baada ya mazishi ikanifikia barua ya karatasi, imezunguka kutoka anwani yangu ya zamani Norsborg. "Rashidi," inasema, "tumekupigia mara nyingi. Moyo wako una hitilafu. Usinyanyue kitu kizito. Nenda hospitali leo." Kila mstari ni jina langu na kifua chake. Na chini kabisa: ugonjwa huu huenda uko katika damu, watoto wako nao wapimwe.

Mimi sina mtoto. Yeye anaye mmoja, Aline, miaka kumi na tano, anacheza mpira wa miguu kama anafukuzwa.

Niliiweka barua ile kwenye koti siku tisa. Nikiwa kazini, mtu akiita "Rashidi", nageuka kuangalia ni nani ataitika. Nikipanda ngazi, hatua zinakuwa za watu wawili: zangu, na nyingine ziko nyuma kidogo, zinapumzika katikati. Sisemi ni jini. Nasema nazisikia.

Siku ya kumi Aline alinitumia picha: Jumamosi ana mechi. Nikapanda treni kwenda kwao Jordbro.

Mama Aline alinifungulia akiwa na unga mikononi. "Shemeji, mbona umekuja bila kupiga simu?" Nikamwambia amwite mtoto. Nikaweka barua mezani, nikaisoma yote kwa Kiswahili, na nilipofika penye jina langu nikasoma jina la Désiré. Kisha nikawaeleza habari ya simu na ya ile hotuba yangu ya kijinga.

Mama Aline alifuta unga mikononi, akaivuta barua kwake. Yule mtoto, ambaye mama akimsemesha Kiswahili hujibu Kiswidi, akauliza neno moja: "När?" Lini. Barua ilifika lini. Nikamwambia. Akainuka, akaenda kuweka viatu vyake vya mpira nje ya mlango.

Tulikwenda hospitali wote watatu. Nikakiri mbele ya daktari kwamba moyo ulioandikwa kwangu si wangu. Hakuniamini mpaka wakanipima. Mzima kabisa, kasema, kama wa kijana. Sijawahi kuchukia habari njema namna ile.

Aline naye wakampima. Anao, Dada. Ule ule wa baba yake. Lakini wameuona mapema, ana dawa, ana daktari wake, mpira basi. Alilia kwa ajili ya mpira tu.

Tukiwa kwenye korido, Mama Aline aliitoa ile barua mkobani, akainyoosha kwa kiganja. Nilidhani sasa atanitupia. Akasema, bila kuniangalia, "Kumbe baba yake alikuwa amemwandikia." Akampa mtoto aishike.

Hajanisamehe. Jumapili huniletea chakula kwa mkono wa Aline, mwenyewe haji.

Wewe nenda kapime presha kwa kadi yako, na majibu uyafuate kwa miguu yako. Nisalimie shemeji wa redio, Tatu mwenye kadi, mjomba wa mashine ya kusaga, na yule jirani ambaye mwanawe alipona. Mwambie sikumsahau, nafurahi kwamba alipona.

Ni mimi mdogo wako, kwa jina langu na moyo wangu mwenyewe,

Rashidi