Mstari Niliouruka

Ganshoren, Brussels
Tarehe 9 Novemba 2014

Kwako Shangazi yangu mpenzi Kahambu,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi mtoto wa kaka yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lile sasa linakuruhusu kufika misa bila kushikwa mkono. Sisi huku hatujambo, ila baridi imewahi mwaka huu, na wazee ninaowaogesha kazini wananinunia kana kwamba mimi ndiye niliyeileta. Najua mdogo wangu Éliézer ndiye atakayekusomea. Nimemwomba asome taratibu, na ukichoka apumzike.

Tangu mwaka ule nilipopata karatasi ya jeshi ya Babu, baba yako, watu wa kwetu hapa wamenifanya mtaalamu. Yeyote mwenye askari aliyepotea vitani huelekezwa kwangu. Hata nikienda barabara ya Chaussée de Wavre kununua majani ya sombe, wamama hunisimamisha kuniuliza mlango wa kugonga. Nami huwajibu kidevu juu, Mungu anisamehe.

Mwezi uliopita alinijia Papa Polycarpe, mtu wa Lubero anayesali nasi kanisa la Koekelberg. Nilimpikia foufou, akala kwa adabu, kisha akaeleza shida yake. Babu yake mzaa mama alikwenda vita vya Abisinia na hakurudi. Mama yake ana miaka themanini na mpaka leo hakubali kunyoa nywele za msiba, maana anasema hakuna aliyemwonyesha kwamba baba yake amekufa. Nikamwuliza jina. Akasema Kambale. Nikamwuliza kijiji na jina la baba wa huyo Kambale. Alipoyataja, nilianza kulia mbele ya mgeni. Yeye akadhani namhurumia, akanishika bega, akasema, "Bon, Maman Rolande, usilie. Wa kwenu ulimupata, na wetu tutamupata."

Shangazi, sasa nikwambie nilichokuficha.

Unakumbuka mwaka 2010 ulikuwa hospitali ukingoja kupasuliwa. Uliniambia kwa simu kwamba hutakubali kisu kabla hujajua analala wapi baba aliyekuacha tumboni. Siku hiyohiyo niliomba ruhusa kazini nikaenda kwenye ofisi ya kumbukumbu za jeshi la Ubelgiji. Bwana aliyenipokea alinitolea orodha: askari wa kwetu walioandikwa Kambale, bila jina jingine, walikuwa kumi. Wewe watujua, kila mtoto wa pili wa kiume ni Kambale, basi kuandika jina hilo peke yake ni sawa na kuandika "mtu". Siku ile aliweza kuniletea kadi moja tu. Za wengine tisa, akasema, nirudi baada ya wiki mbili.

Kadi ile ilikuwa nzuri. Koplo Kambale, askari mwaminifu, alikufa kwa kuhara damu mwaka 1941, akazikwa na wenzake karibu na Gambela. Nilikupigia simu nikiwa bado kwenye korido, nikakusomea yote isipokuwa mstari mmoja, mstari wa kijiji na jina la baba yake. Kijiji hakikuwa cha kwetu Beni. Kilikuwa cha Lubero. Niliuona, Shangazi. Sikukosea, niliuruka.

Nilijiambia kwamba ukipona nitakueleza. Ukapona. Ukaita ukoo, mkazika mgomba mahali pa mwili, ukanyoa nywele, ukamaliza msiba wa karibu miaka sabini. Mlinitumia picha ya msalaba wa saruji, na mimi nikaionyesha kanisani. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilipewa miaka minne, na katika miaka yote hiyo sikurudi kuangalia kadi tisa zilizobaki. Ofisi ile ni mwendo wa tramu tu kutoka hapa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo wenyewe, maana ulikuwa na haki ya kutafutiwa baba yako.

Juma lililopita nilikwenda. Saba ni wa vijiji vingine. Wawili hawakuandikiwa kijiji wala jina la baba. Mmoja alifia hospitali ya jeshi, na kaburi lake halikutajwa. Wa pili aliachishwa jeshi mwaka 1946, mzima, akabaki Stanleyville, Kisangani ya leo. Sijui yupi ni wetu. Kama ni huyo wa pili, basi aliishi, na nyumbani hakurudi. Ningetoa chochote nisikuandikie maneno haya.

Jumapili ijayo nitampa Papa Polycarpe karatasi yake na kumwambia nilivyofanya. Sikuombi ruhusa, maana siwezi kumnyima mama yule baba yake ili wewe ubaki naye. Msalaba ulio uani kwako umeandikwa tarehe za baba wa mwanamke mwingine. Kama ataomba kuja kumlilia hapo, tafadhali mfungulieni. Ukitaka kuniapiza, niapize. Ukitaka kunyamaza, nitaelewa. Kosa ni langu, wala Éliézer hakujua lolote.

Nisalimie ukoo wote, na Maman Sidonie jirani yako, na wote waliokuja kuchimba siku ile. Mungu akulinde kuliko nilivyokulinda mimi.

Tangu mazishi yale umekuwa ukiniita Mleta-Baba. Usiniite hivyo tena.

Ni mimi,
Rolande Masika