Kikohozi cha Msimamizi

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua hutaitika, maana barua yako ya mwisho uliifunga bila hata salamu, ila mimi nimelelewa na mama yuleyule na adabu sijaitupa. Hujambo? Mgongo je, umepoa? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo usiuulize, hauna jema la kusema.

Barua yako nimeisoma. Umeniita msomi wa makaratasi, ukasema sisi wa chuo kikuu ni kupe waliovaa miwani. Haya, asante. Miwani ninayo. Lakini siyo hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Mama amenipigia simu, kaniambia Jumamosi mnakaa kikao na hoja ni moja: dada afungashe, aachane na shemeji, kwa sababu shemeji ndiye aliyekuchongea kiwandani mpaka ukafukuzwa. Mama anasema dada hali chakula, shemeji ameapa mpaka sauti imemkauka, nawe jibu lako ni lilelile, kikulacho ki nguoni mwako. Kaka, una kichwa kigumu wewe! Tangu utotoni ukishaamua lako, ukweli unaweza kubisha hodi mpaka uchoke. Safari hii utaufungulia, upende usipende.

Tuanzie mwanzo. Mwaka juzi Profesa wangu hapa chuoni alitaka kuandika kitabu juu ya mamlaka kazini: nani anaamuru, nani anatii, na kwa nini anayetii huona ni hiari yake. Mimi ndiye niliyekutia humo. Shemeji alikuwa mtu pekee aliyekuona ukiingia kwenye stoo nyuma ya kantini ya kiwanda, nilikokuhoji kwa kinasa sauti, na ndiyo maana leo umembebesha yeye zigo lote. Ukanieleza kwamba msimamizi wenu pale kwenye mashine za sabuni hafoki, hatukani, hatishii mtu. Anasimama nyuma yako, anakohoa. Kikohozi kimoja tu, na mtu aliyekuwa anakwenda kunywa maji anageukia njiani, anarudi kwenye mashine, na jioni anaapa kwamba hakuwa na kiu. Ulicheka uliposema hivyo. Nami nilicheka.

Profesa aliposikia alipiga meza kwa furaha. Kikohozi kile kikawa sura nzima ya kitabu. Akaenda kuisoma mkutanoni, watu wazima wakasimama kumpigia makofi, naye akawaambia kwamba mtafiti wa kweli husimama upande wa wanaokoholewa. Loo! Ninayemjua mimi ni mwingine. Hajawahi kujimiminia chai mwenyewe, na majina yetu sisi wasaidizi, tuliohoji watu arobaini, kayaweka ukurasa wa mwisho kwa herufi ambazo hata miwani yangu haizioni. Namchukia, kaka, na neno hilo naliandika kwa raha zangu.

Ndani ya kitabu wewe ni Mhojiwa wa Saba. Orodha ya majina ya kweli ilikaa kwenye droo yangu, ufunguo nauvaa shingoni. Nilikuahidi kwa kinywa changu kwamba hakuna atakayeiona.

Kitabu kilipotoka, meneja wenu akaja idarani. Mtu mpole. Akasifu chai, akasifu kitabu, akasema kiwanda kiko tayari kumfungulia Profesa milango yote kwa utafiti wa pili. Ila angependa kumfahamu huyo wa Saba, apate kumsikiliza vizuri zaidi. Profesa akaniita ofisini kwake. Hakuniamuru, kaka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alisema droo ni yangu na uamuzi ni wangu, yeye kama mwanazuoni hawezi kumshurutisha mtu. Kisha akageukia dirishani, akakohoa.

Nikaenda nikaileta.

Sikubisha, sikulia, sikuuliza swali. Sura ile niliipiga chapa mimi kwa vidole hivihivi, nimeikariri hadi nukta, na bado nilitembea mpaka mezani kwangu na kurudi, nikijiambia kwamba meneja anaonekana mtu mwema. Wiki mbili baadaye mkaambiwa kiwanda kinapunguza watu, na aliyepunguzwa ukawa wewe peke yako. Miezi mitano nimenyamaza huku shemeji anatukanwa. Aliyekuchongea ni mimi.

Sasa nitukane. Matusi yote uliyomtupia shemeji yaokote, yapanguse vumbi, uniletee mimi mwenyewe. Msamaha sikuombi, maana nakujua, utanisamehe kwa mdomo halafu utanisimanga mpaka uzeeni. Ninachotaka ni kimoja. Jumamosi, kabla mtu hajaketi, mpe shemeji barua hii aisome kwa sauti mbele ya mama na dada. Usiifupishe, wala usinitetee. Tena usijisumbue kuificha, nakala yake namtumia dada leo hii.

Msalimie mama, umwambie dawa zake za miguu nimezipata, zinakuja. Wape watoto salamu zangu. Dada naye mwambie asifungashe hata kijiko. Shemeji sitamsalimu kupitia kwako. Kwake nitakuja kwa miguu yangu.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kutia sahihi, Profesa akapita koridoni akakohoa. Labda ni mafua tu. Nimeshtukia nimesimama wima, kiti kimeanguka nyuma yangu. Nimekiinua, nimeketi, namalizia.

Mdogo wako wa kike,
Kupe mwenye Miwani