Mama Anampa Mjukuu Matone kwa Siri

Shangazi mshauri, shikamoo, nisaidie maana hapa nilipo sijui nishike lipi niache lipi. Mimi ni fundi cherehani, mwanangu wa kwanza alizaliwa njiti, kabla ya wakati wake, mdogo hata nikaogopa kumshika, na tulipotoka hospitali daktari akatupatia chupa ya matone ya vitamini D akatuonyesha kipimo cha kila siku, akasema tusizidishe, na mke wangu humpa asubuhi akishamnyonyesha. Sasa mama yangu amekuja kutusaidia kulea, alipoiona ile chupa akasema mbele ya mke wangu na mbele ya mama mkwe kwamba hayo ni maji ya bure, eti yeye alilelewa kwa jua na maziwa na mifupa yake haijapata kulalamika, yeye na mke wangu wakazozana, na tangu hapo wanasalimiana kwa ajili yangu tu.

Juzi nilisahau mkasi nikarudi nyumbani mchana, mke wangu yuko nje anaanua nguo, nikamkuta mama chumbani amempakata mtoto anamdondoshea matone mdomoni, tena kwa ustadi. Akaniangalia akasema, "Mkeo asijue. Nilipompeleka mtoto kliniki nesi alinieleza nikaelewa, lakini nimeshasema mbele za watu, nitarudije nyuma?" Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu siku ile ya kliniki, miezi miwili sasa, kila siku, kwani mke wangu ana usingizi sana, huenda anasahau.

Mke wangu hasahau, Shangazi. Na mtoto anatapika, hataki kunyonya, choo chake kimekuwa kigumu. Nikisema, mama ataaibika afungashe virago, nikinyamaza, sijui. Nimekuandikia namba mbili za simu.

Baba wa Njiti

*

Baba wa Njiti,

Marahaba. Mtoto anatapika na hataki kunyonya, nawe ukatafuta kalamu. Nakuhurumia, kukaa kati ya mama na mke si kazi ndogo, lakini barua husafiri polepole kuliko ugonjwa. Nilipofika kwenye "hataki kunyonya" niliacha kusoma nikapiga simu. Namba ya kwanza haikupokelewa, nadhani ulikuwa unashona. Ya pili ikapokelewa na mkeo. Hukunitahadharisha kuwa ni yake.

Nilimweleza yote. Akasema, "Kumbe na yeye alikuwa anampa." Nikamwambia asimpe tena hata tone, ampeleke hospitali sasa hivi, achukue na chupa. Akaenda, na mama yako akaenda naye. Daktari alipouliza nani anampa mtoto dawa, mama yako akajibu, "Mimi. Na huyu pia." Hivyo ile siri uliyokuwa unailinda imekwisha, na hakuna aliyefungasha kitu.

Vipimo vya damu vimeonyesha vitamini D imezidi na kalsiamu imepanda. Amelazwa, anaongezewa maji, na leo ninavyoandika ameanza kunyonya. Mmenusurika kwa bahati. Figo za mtoto wa kimo kile hazina subira.

Sasa nisikilize. Usiitupe chupa kwa hasira. Njiti huzaliwa kabla hajamaliza kupokea akiba yake kutoka kwa mama, na akikosa vitamini hiyo mifupa hulegea. Jua peke yake halimtoshi. Daktari ndiye atakayesema lini aanze tena na kwa kiasi gani. Akishasema, mkono uwe mmoja, nao uwe wa mama yako, waziwazi, mkeo akiwa amekaa hapo hapo. Ameshaonyesha anaweza. Usimdai aombe radhi, wala usimkumbushe yale maneno ya maji ya bure, hata kwa utani.

Mkeo ameniambia wamekaa benchi moja wodini na wanazungumza. Wapelekee kanga safi na chai, uwape, utoke nje.