Uso wa Mama Yake Hebroni

Mwanangu Beatrice, ugonile huko Karonga.

Mimi baba yako nina miaka sabini na nane, na studio zote za picha nilizozikuta hapa Kyela zimekufa nikiziona. Mpunga umebeba vizuri. Kakao tumeshaanika.

Ile kompyuta mpya uliyotaka kuninunulia niliikataa, nikasema hii yangu inatosha kusafishia picha. Sasa sikiliza. Hebroni wa Ikombe alifiwa na mama yake. Kijana wa duka la jirani akatengeneza picha ya kubeba mbele ya jeneza, akamlainisha marehemu uso kama binti. Dada za marehemu wakaitazama wakasema, "Huyu mgeni, tumlilie wa nini?"

Wakaja kwangu. Wangekwenda kwa nani? Nikarudisha makunyanzi yote na lile pengo la meno. Lakini kompyuta ikazima, nikaanza upya, ikazima tena. Picha ilivuka ziwa na mtumbwi hadi Ikombe, ikakuta kaburi limeshafukiwa. Mama wa watu alikwenda bila uso wake mbele. Hilo linaniuma.

Wale dada walipoiona walilia upya mpaka mchungaji akakaa chini. Kwa hiyo mkono wangu bado upo, mashine ndiyo imezeeka. Ilete hiyo mpya, mwanangu, na isiwe ya kubahatisha. Ndaga fijo, asante sana.

Ni mimi baba yako, Reubeni, mpiga picha. Ukidhani natia chumvi muulize Hebroni. Picha ameitundika sebuleni, na kila asubuhi anaiamkia.